Meno ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, mwaka ule vidole vyake vilipokataa kufunga vifungo vya blauzi. Kabla ya hapo aliishi peke yake na hakutaka hata kusikia habari ya kuhama. Alikuwa mwanamke wa kujitegemea. Miaka mingi alikuwa akishuka kutoka Pweto juu ya malori, ameketi kwenye magunia ya chisense, wale samaki wadogo wakavu wa ziwa Mweru tunaowapenda hapa mjini pamoja na bukari, ugali wetu, na alipofika sokoni sauti yake ilitosha kumgeuza mnunuzi aliyekwisha kumpita. Mume wake, mfanyakazi wa reli, alifariki mapema, na samaki hao ndio waliosomesha watoto. Kisha baridi yabisi ikamwingia mikononi. Viungo vilivimba, vidole vikapinda vyote upande mmoja kama nyasi zilizolazwa na upepo, na kidole gumba cha kulia kikabaki kigumu, hakikunjiki.

Mimi ndiye mkwe aliyeishi naye nyumba moja, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Kwetu, watu wa kaskazini ya Katanga, mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kuwekana mbali. Simtazami usoni. Hali chakula mbele yangu, wala mimi mbele yake. Yeye akiwa barazani, mimi hupita mlango wa nyuma. Nikitaka kupita koridoni, nakohoa kwanza ili ajue. Tukizungumza tunaitana "ninyi", kana kwamba kila mmoja wetu ni watu kumi. Mgeni akituona anaweza kudhani tumegombana. Hatujagombana hata siku moja. Ni namna ya kusema kwamba huyu ndiye aliyemzaa mke wangu, na jambo hilo si la kuchezewa. Vijana wa mjini siku hizi wanakula na mama wakwe zao sahani moja na hakuna anayekufa. Lakini yeye alilelewa hivyo, na mimi nililelewa hivyo, na tulikuwa tumefika umri ambao mtu habadiliki tena.

Tulimpa chumba cha nyuma, chenye mlango wake wa kutokea uani. Mlangoni kwake mke wangu alitundika pazia zito la kitenge.

Alikuwa na meno ya bandia, juu na chini, kinywa kizima. Sisi Lubumbashi tunayaita dantie. Hakuna aliyeniambia, nilijua tu, kama mtu anavyojua mambo ya nyumba yake. Kila jioni baada ya chakula mke wangu aliingia chumbani kwa mama yake na beseni la maji, akafunga mlango, na baada ya muda akatoka kumwaga maji ya sabuni kwenye mfereji. Nje ya sisi wawili hakuna aliyejua habari hiyo, hata wale akina mama aliosali nao parokiani tangu ujane wake.

Halafu mke wangu akapata kazi ya kupika kwenye kambi moja ya mgodi upande wa Kolwezi. Wiki tatu kule, wiki moja nyumbani. Watoto wetu walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa. Mimi natengeneza cherehani, na kazi yangu iko hapo hapo barazani, kwa hiyo tukaona hakuna shida: mama hatabaki peke yake. Nguo atasaidiwa na jirani, mwanamke mwema wa upande wa pili wa ukuta. Chakula nitapika mimi na kukiacha kwenye kiti kidogo mbele ya pazia. Tulifikiri kila kitu, isipokuwa lile beseni la jioni. Baadaye mke wangu alisema alilifikiri, lakini mama yake alimwambia asihangaike, atajua la kufanya.

Wiki ya pili niliona sahani zinarudi nusu. Nikapunguza ukali wa pilipili. Wiki ya tatu zikarudi karibu kama zilivyokwenda, na Jumapili hakwenda misa. Nilimuuliza kupitia pazia kama ana homa. Alijibu hapana, kwa sauti ya mtu anayesema bila kufungua mdomo. Mke wangu akipiga simu, mama yake alimwambia yote ni mazuri.

Mke wangu aliporudi ndipo ukweli ulipotoka. Yale meno hayakuwa yametoka kinywani tangu siku mke wangu alipopanda basi. Alikula nayo na kulala nayo, kwa sababu aliogopa kwamba akiyatoa na kuyaangusha atabaki mdomo mtupu mbele ya nyumba nzima, yaani mbele yangu. Mke wangu alipoyatoa, kaakaa lote lilikuwa jekundu kama nyama mbichi, na fizi zina utando mweupe. Alitoka mle chumbani akilia, akaniambia niwashe gari.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke bado kijana, wa wazazi wa Kasai, mpole lakini asiyezunguka na maneno. Mimi nilibaki kwenye fremu ya mlango nimegeukia korido, lakini niliyasikia yote. Alisema ni kuvu, inapenda kinywa ambacho meno ya bandia hayatoki usiku, na akaandika dawa. Kisha akasema dawa peke yake haitoshi. Kila jioni meno yatoke, yasuguliwe kwa brashi laini na sabuni ya kawaida, si dawa ya mswaki, maana ile inayakwaruza. Yalale ndani ya maji safi, na fizi na ulimi vifutwe kwa kitambaa laini chenye maji. Na hiyo kila siku, bila kuruka.

"Nani anabakia na mama ku nyumba?" aliuliza.

"Ni miye," nilisema bila kugeuka. "Miye mukwe wake."

Kwa watu wa Kasai ukwe una sheria kali kama zetu, au kuzidi, kwa hiyo sikulazimika kueleza. Nilisikia kalamu ikiwekwa mezani. Mke wangu akaanza kusema kwamba ataacha kazi, na hapo mama yake akamkatiza.

"Hautaacha kazi. Mi mwenyewe njo nitafanya."

Nadhani daktari aliitazama ile mikono, kwa sababu alikawia kujibu. Nilingoja amwambie kwamba haiwezekani. Badala yake alisema, "Sawa, mama. Basi tutafute namna hii mikono itafanya." Nikamheshimu tangu siku ile.

Mke wangu aliondoka tena baada ya siku chache, moyo mzito. Kabla hajaondoka nilimwambia kwamba kazi ya kutafuta namna ni yangu. Natengeneza vitu vilivyokataa kufanya kazi; ndiyo riziki yangu. Kinywa cha mama yake sitakiona wala sitakigusa, lakini brashi si kinywa.

Jambo la kwanza nililofanya ni lile ambalo kila mtu angelifanya. Nilichukua mswaki, nikauvalisha mpira wa mpini wa baiskeli ili uwe mnene wa kushikika, nikaufunga waya usizunguke. Nikauacha kwenye kiti kidogo pamoja na beseni. Jioni ile nikiwa barazani nilisikia kitu kimeanguka kwenye sementi, sauti ndogo, kavu.

Nilikwenda hadi kwenye pazia, nikakohoa.

"Mama, kuko shida?"

Hakujibu. Jirani alipoingia asubuhi alinieleza kwa ishara zaidi kuliko kwa maneno: seti ya chini imevunjika vipande viwili. Hivyo ndivyo siri ilivyovuka ukuta, na huyo mwanamke hajaitoa mpaka leo. Brashi mama aliweza kuishika, ule mpira ulimfaa. Lakini mkono wa pili ndio uliokuwa na kazi ya kushika meno yenyewe, yana utelezi wa sabuni, na mkono huo haukuwa na nguvu ya kushika hata yai. Nilifikiria brashi tu. Sikufikiria kwamba kusafisha kunataka mikono miwili.

Siku nne alikaa ndani ya kile chumba bila kusema neno. Niliacha uji mlangoni, nikarudi kuchukua bakuli. Nilijua anayaogopa maneno yake mwenyewe, jinsi yatakavyotoka bila meno, na mimi niko upande wa pili wa kitambaa nasikia. Siku hizo nne nilifanya kazi vibaya. Mteja mmoja alinirudishia cherehani yake na kuniambia kwa upole kwamba nimeifunga sindano kinyume.

Vile vipande jirani alivitia ndani ya kopo dogo la maziwa ya unga, vimefungwa kitambaa, akanipa. Nilivipeleka kwa fundi anayetengeneza meno, mzee mmoja mwenye chumba kidogo nyuma ya kituo cha afya. Kopo sikulifungua. Alipolifungua yeye nilitazama dirishani, na aliponiuliza kwa nini, nikamweleza. Hakucheka. Alisema nikae, kazi ni ya saa mbili.

Kusema kweli, masaa yale mawili ndiyo yaliyotuokoa. Dirisha likanichosha, nikaanza kutazama mikono yake bila kutazama alichoshika. Alipomaliza kuunganisha alikwenda kwenye mota ndogo iliyofungwa mezani, yenye brashi ya duara kwenye ncha yake. Brashi ile inazunguka pale pale. Yeye ndiye anayelisogeza jino: mara juu, mara upande, mara ndani. Ni kama cherehani. Hakuna mshonaji anayeishika sindano akakimbia nayo juu ya kitambaa. Sindano imefungwa mahali pake, na kitambaa ndicho kinachokwenda. Nimeishi na jambo hilo tangu ujana wangu, halafu nikampa mama mgonjwa sindano mkononi.

Nilimwambia fundi nilichokiona. Akafikiri, akasema, "Ni kweli, fungeni brosi." Kisha akatafuta rafuni, akanipa seti ya zamani ya kuonyeshea wanafunzi, meno ambayo hayajawahi kuwa ya mtu yeyote, nijaribie. Akaniongezea mambo mawili ya bure. Beseni liwe na maji nusu na taulo iliyokunjwa chini, ili yakianguka yaanguke pa laini. Na seti ya juu, ile inayong'ang'ania kaakaa, haihitaji vidole kutoka: mtu atie maji ya uvuguvugu mdomoni, afumbe midomo, ajaze mashavu hewa kama anayepiga tarumbeta, asukume. Itaachia yenyewe.

Nikaanza kazi siku ileile. Nilichukua ubao wa urefu wa mkono, nikaukata pengo upande mmoja ili ukae vizuri juu ya ukingo wa beseni, nikautilia kibano cha kuukaza kwa skrubu kubwa. Juu yake nikapigilia brashi ya kufulia. Kisha nikafanya jambo ambalo majirani wangeliona wangedhani nimerukwa na akili. Nilikata mpira wa ndani wa tairi vipande vyembamba, nikavifunga vidole vyangu vyote pamoja, vimepinda upande mmoja, na kidole gumba nikakifunga kwa kijiti kisikunjike. Mkono wa kushoto nilifunga mwenyewe kwa wa kulia. Wa kulia nilifunga kwa meno yangu. Nikakaa mbele ya beseni na ile seti ya fundi.

Iliniponyoka mara ya kwanza, na ya pili, na ya kumi. Nilijifunza kwamba vidole si vya kutegemewa, lakini sehemu za chini za viganja, pale panaponenepa kabla ya kifundo, zina nguvu zake. Ukiyabana meno kati ya viganja viwili kama mtu anayesali, ukayasugua juu ya brashi, hayaponyoki. Nilijifunza pia kwamba skrubu yangu haifai, kwa sababu mtu mwenye mikono ile hawezi kuizungusha. Nikaitoa, nikaweka kabari za mbao za kusukuma kwa kiwiko. Nilijifunza kwamba brashi moja haitoshi: ya juu inasafisha nje, lakini ndani ya mviringo panataka brashi nyembamba, iliyosimama. Nilikaa hivyo siku mbili. Wateja walipokuja niliwaambia warudi.

Kabla ya kumpa nilipita kwa daktari na ule ubao kwapani. Aliigusa ile brashi ya kufulia akatikisa kichwa. Ngumu mno, itayachuna meno. Nikaitoa, nikaweka brashi mbili laini za kucha.

Sasa ikabaki kumfundisha mtu nisiyeweza kumtazama. Niliweka kiti changu koridoni, mgongo kwenye ukuta, ubavuni mwa pazia. Yeye alikaa ndani mbele ya beseni. Nikamwelekeza kwa sauti, kama mtu anayemwongoza dereva kurudi nyuma: asogeze kabari kwa kiwiko, avute maji, ajaze mashavu. Nilisikia akivuta pumzi na kuiachia, mara nyingi. Nilisikia akisonya. Kisha nikasikia kitu kikitua ndani ya maji bila kishindo, kwenye taulo, na baada yake kicheko kifupi ambacho alikimeza mara moja.

Kusugua kulimshinda jioni ile, na iliyofuata. Jioni ya tatu alisimama katikati ya kazi, na nilifikiri amechoka. Alikuwa akisema sasa bila meno, maneno yake laini na mapana, na niliona kwamba ameamua kuniachia niyasikie hivyo.

"Baba, muko pale?"

"Niko, mama."

"Munajua juu ya nini nilitengenezesha hii meno?"

Nikasema sijui.

"Ni juu yenu. Siku ile bantu benu bangekuya kuposa, ya mbele yote ilikuwa imekwisha kutoka. Nikasema, siwezi kuongea na bakwe wakati niko nafunika kinywa na kitambaa."

Nilikumbuka siku ile ya posa. Nilikuwa kijana, nimekaa nyuma ya wajomba zangu, nimevaa koti la kuazima. Mjane mmoja alisimama mbele ya wanaume saba na kuwajibu mmoja mmoja, kichwa juu, neno kwa neno, mpaka mjomba wangu mkubwa akasema nyumbani hapa tumepata ukoo wenye mdomo. Sikujua, wala mjomba hakujua, kwamba yale meno yalikuwa na siku chache tu kinywani na kwamba yalikuwa bado yanamchubua.

Nilimwambia tuendelee, abane viganja, asugue kwa kuelekea kwake. Nikasikia sauti ya brashi: sruu, sruu. Haikukatika kwa muda mrefu.

Kwa fizi na ulimi nilimfungia kitambaa laini kwenye mpini wa mwiko, akawa anajifuta mwenyewe. Baada ya siku chache sahani zilianza kurudi tupu. Siku mbili baadaye aliniuliza, kupitia pazia, kama pilipili imekwisha sokoni.

Mke wangu aliporudi likizo yake, jioni ya kwanza alichukua beseni kama zamani akaingia kwa mama yake. Nikasikia sauti zao, kwanza za chini, halafu ya mke wangu ikipanda. Alitoka mikono mitupu, akakaa karibu yangu barazani. Mama yake amemkatalia meno. Amemwambia aweke beseni chini na akae atazame. "Nimetazama," mke wangu alisema, "amechukua karibu nusu saa. Ningefanya kwa dakika tano." Aliumia, na nilimwelewa. Miaka yote ile alikuwa amempenda mama yake kwa njia ya lile beseni. Alisema alimuuliza mama yake kwa nini anamnyima, na mama yake alijibu, "Sikunyimi, mwanangu. Utaenda tena." Mke wangu alikwenda tena, safari hii bila kulia, na daktari alikuwa amekwisha kutazama kaakaa na kusema limepona.

Mwezi wa sita baridi ikaingia, ile baridi ya Lubumbashi inayofanya maji ya bidoni, yale ya kwenye dumu, yachome asubuhi. Viungo vya mama vikavimba. Kila jioni nilimsikia akipambana, brashi ikienda na kusimama. Sikusema kitu, kwa sababu hakuniuliza. Asubuhi moja, nilipokuja kuacha chai, aliniita kabla sijaondoka.

"Baba, mukono inakatala. Jana nilitosha meno mu kinywa, lakini kusafisha, hapana. Nimejaribu mara tatu."

Niliiweka chai kwenye kiti kidogo.

"Nimefikiri sana. Kinywa ni ya miye. Lakini meno ikisha kutoka, ikikuwa mu maji, haiko kinywa tena. Iko kintu. Iko kama mashini yenye bantu banawaletea."

"Ndiyo, mama."

"Nitasukuma beseni ku mulango, nitaifunika. Mutasafisha, mutafunika, mutarudisha. Na hatutaongea juu yake."

"Ndiyo, mama."

Beseni likatoka chini ya pazia likisukumwa kwa mguu, limefunikwa kitambaa cheupe. Nililichukua nikaenda nalo uani, mahali pasipoonekana na mtu. Nilikuwa nimeapa nafsini mwangu kwamba nitaosha bila kutazama, lakini huwezi kuosha vizuri kitu usichokitazama, na fundi mbaya ni tusi kubwa kuliko fundi mwenye macho. Nikatazama. Yalikuwa madogo kuliko nilivyofikiri. Seti ya chini ilikuwa na mstari pale mzee alipoiunga, na meno ya nyuma yamelika upande mmoja, upande ambao bila shaka alizoea kutafunia. Niliyasugua polepole, kila kona, kama ambavyo sijawahi kusugua kitu. Nikayasuuza, nikaweka maji mapya, nikafunika. Nilipolirudisha beseni alisema aksanti, nami nikasema ndiyo, mama. Siku hiyo tulizungumza habari za umeme tu, kwamba umekatika tena.

Ilitokea hivyo asubuhi saba au nane baridi yote. Joto liliporudi akachukua kazi yake.

Mwezi wa nane, kabla ya mvua, habari zikaja kutoka Pweto kwamba dada yake mkubwa amepooza upande wa kulia. Mama mkwe akasema atakwenda. Mke wangu, aliyekuwa nyumbani wiki ile, alimweleza habari za barabara, vumbi, na siku mbili juu ya gari, kisha akauliza nani atamsafishia meno huko. Mama yake aliniita kupitia pazia na kuniomba nitafute mfuko utakaoingia ule ubao.

Alikaa huko mwezi mzima. Siku aliyorudi, mimi nilikuwa barazani na cherehani ya mteja, na yeye akaketi jikoni na binti yake, dirisha wazi, akamhadithia kwa sauti ya sokoni ili na mimi nisikie bila kuambiwa. Kwenye kizuizi kimoja cha njiani askari alifungua mfuko wake, akautoa ubao, akaugeuza huku na huku mbele ya abiria wote, akauliza hiki ni kitu gani. "Nikamwambia, iko kintu ya kusafisha meno yangu ya dantie, juu mukono yangu haifungi." Gari lote lilimsikia. Askari akaurudisha mfukoni kwa mikono miwili. Na mama mmoja aliyekaa nyuma yake alimgusa bega, akamwomba amweleze.

"Na sasa ubao uko wapi?" mke wangu aliuliza. "Sikuuona kwenye mfuko."

Ameuacha Pweto. Dada yake ana seti ya juu, na mkono mmoja tu unaofanya kazi, na watu wa nyumba ile walikuwa hawajui la kufanya. Amemfundisha. Siku mbili za njiani kurudi alisafisha meno yake kwa brashi aliyoibana kati ya magoti, amekaa chini, beseni mbele.

Halafu akaacha kusema na binti yake. Nikajua sasa anasema na mimi, ingawa uso wake ulibaki upande wa jiko.

"Baba, mutafanya ingine. Mufanye mufupi kidogo. Na ile brosi ya kusimama, muikaze zaidi, ile ya kwanza ilikuwa inainama."

Nikasema ndiyo, mama. Cherehani ya mteja nikaiweka pembeni, nikaingia ndani kutafuta msumeno.